Kura huibwa wapi? Ulinganisho wa aina za udanganyifu kwa wenye mawakala wachache na fedha kidogo

Chama kidogo, mgombea binafsi au kikundi cha kiraia kinachotaka kulinda uchaguzi hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: watu wachache waliopo na fedha kidogo iliyopo vielekezwe wapi? Udanganyifu hutokea miezi mingi kabla ya siku ya kura, kwenye daftari la wapiga kura na kwenye uteuzi wa wagombea. Hutokea kituoni mchana, kwa rushwa na kwa kura bandia. Na hutokea usiku wa majumuisho, wakati mawakala wengi wamekwisha kurudi nyumbani kwa uchovu na njaa. Mwenye watu wa kutosha anaweza kutamani kuyalinda yote. Asiye nao hana budi kuchagua, na wengi huchagua vibaya kwa sababu hujiandaa dhidi ya wizi uliowaumiza mara ya mwisho, ilhali wahusika wamekwisha kuhamia kwingine.

Ili kuzilinganisha aina hizi nazipima kwa mambo manne: ni kura ngapi zinaweza kugeuzwa, ni watu wangapi lazima waijue siri, ni ushahidi gani unaobaki, na ni gharama gani kuzuia. Lakini kabla ya vipimo hivyo litazamwe pengo la kura linalotarajiwa, maana ndilo linaloamua ni njia ipi inamtosha mdanganyifu. Zanzibar mwaka 1995, Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Seif Sharif Hamad, tofauti ya kura 1,565 tu. Katika uchaguzi wa namna hiyo, majina machache katika kila shehia, yaani eneo dogo kabisa la utawala visiwani, yanatosha kubadili mshindi. Kenya mwaka 2022, William Ruto alitangazwa kumzidi Raila Odinga kwa kura 233,211 katika vituo 46,229, yaani wastani wa kura tano hivi kwa kila kituo. Kura tano ni chache mno kugundulika kituoni, lakini atakayetaka kuziongeza au kuzipunguza katika vituo vyote hivyo anahitaji maelfu ya watu watakaonyamaza daima. Ndiyo maana nchi kubwa na nchi ndogo hazikabiliwi na hatari ileile, hata kama sheria zao zinafanana.

Daftari la wapiga kura

Udanganyifu wa daftari una pande mbili: kuingiza wasiostahili na kuzuia wanaostahili. Upande wa kwanza ndio unaozungumzwa zaidi. Tume ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, iliyochunguza uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ilikadiria kwamba sajili ya wakati huo ilibeba majina ya marehemu wapatao milioni 1.2, na ukaguzi wa kampuni ya KPMG kabla ya uchaguzi wa 2017 ulikadiria idadi ya milioni 1 hivi. Takwimu hizo hutisha, lakini jina la marehemu haliendi kituoni lenyewe. Linahitaji mtu wa kulipigia kura, linahitaji karani wa kufumba macho, na pale penye mashine za kutambua alama za vidole linahitaji pia mashine ishindwe kufanya kazi. Kwa hiyo daftari chafu ni akiba inayongojea nafasi, na nafasi hiyo hupatikana mashine zinapozimika kwa kukosa umeme au betri, kama zilivyozimika katika vituo vingi vya Kenya mwezi Machi 2013, ikabidi makarani warudi kwenye daftari la karatasi.

Upande wa pili naona ni hatari zaidi, kwa kuwa haumhitaji mtu yeyote kutenda kosa siku ya kura. Zanzibar, anayetaka kuandikishwa lazima awe na kitambulisho cha mkazi, na njia ya kukipata hupitia kwa sheha, ambaye ni mteule wa serikali. Mwaka 2009 uandikishaji ulikwama kwa muda katika sehemu za Pemba kwa sababu ya malalamiko ya watu waliosema wamenyimwa vitambulisho hivyo. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi 2019, kwa sababu zilizotajwa kuwa ni Ebola na usalama. Wakati huo rais alikuwa amekwisha kuapishwa, na wapiga kura zaidi ya milioni 1 walikuwa wamebaki nje. Aliyezuiwa hivyo haachi kura iliyoharibika wala fomu yenye alama za kufutwa. Hayumo tu kwenye hesabu, na mawakala hodari wa dunia nzima wakikaa kituoni kwake kutwa nzima hawataona kosa lolote.

Gharama ya kulinda daftari ni ndogo kuliko ya aina nyingine zote, ila hulipwa kwa muda. Mtu mmoja anayewafahamu jirani zake, akipata siku chache za kupitia orodha iliyobandikwa wakati wa uhakiki, hubaini waliofariki, waliohama na wasiojulikana mtaani, na huweza kuweka pingamizi kwa maandishi. Siku hizo zikipita, kazi hiyo haiwezekani tena. Vyama vingi huamka wakati wa kampeni, na wakati huo daftari limekwisha kufungwa.

Kuengua wagombea

Kwa kipimo cha idadi ya kura zinazogeuzwa, hakuna njia inayoizidi hii, kwa sababu haimwachii mpiga kura chochote cha kuchagua. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Tanzania wa Novemba 2019, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa kasoro zilizosemwa kuwa za ujazaji wa fomu. Chadema na ACT-Wazalendo vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2025 Chadema kiliondolewa katika uchaguzi mkuu mwezi Aprili baada ya kukataa kusaini maadili ya uchaguzi, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, na jina la mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, nalo likaondolewa. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa mshindi zaidi ya asilimia 97. Wapo watakaosema kwamba huu si udanganyifu kwa kuwa kila hatua ilikuwa na kifungu chake cha sheria. Mimi nauweka humu bila kusita, kwa sababu anayekwenda kituoni akakuta karatasi isiyo na jina alilolikusudia amenyang'anywa kura yake kabla hajaipiga.

Ushahidi wa aina hii haukosekani: barua zipo, tarehe zipo, fomu zipo. Kinachokosekana ni mahali pa kuupeleka ukasikilizwa kwa wakati. Ulinzi wake ni wa mwanasheria na wa uangalifu mkubwa kabla ya siku ya uteuzi, kwa maana ya fomu kusomwa na watu wawili, nakala kugongwa mhuri wa kupokelewa, wadhamini kuhakikiwa mmoja mmoja, na fomu kurudishwa mapema ili kosa lirekebishwe kabla ya saa ya mwisho. Fedha inayotumika hapa ni ndogo, lakini ikikosekana, fedha yote ya mawakala baadaye ni bure.

Rushwa

Kununua kura ndiyo aina inayowahusisha watu wengi zaidi, na kwa hiyo ndiyo inayojulikana zaidi na kuzuiwa kidogo zaidi. Tanzania iliwahi hata kuihalalisha kwa jina la takrima, kwa marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000, mpaka Mahakama Kuu ilipoyabatilisha mwaka 2006 katika shauri lililofunguliwa na mashirika ya kiraia. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikafuata mwaka 2010. Bado khanga, sukari na noti za usiku wa kuamkia uchaguzi zinaendelea.

Udhaifu wa rushwa ni kwamba mtoaji hajui kama aliyempa atatimiza, maadamu kura ni ya siri. Kwa sababu hiyo hutafuta njia za kuivunja siri: humtaka mpiga kura apige picha ya karatasi yake kwa simu, au humfundisha ajifanye hajui kusoma ili ataje jina kwa sauti mbele ya wakala, au huinunua kadi yenyewe ili mwenye kadi asiende kabisa. Wakala anayetaka kuzuia rushwa asipoteze muda kuwafukuza wagawaji vichochoroni. Asimame kituoni adai simu zisiingie chumba cha kupigia kura, na ahesabu wanaoomba kusaidiwa. Wakizidi kiasi cha kawaida, aandike kwenye fomu ya malalamiko. Kwa upande wa wananchi, maneno mafupi yanayorudiwa misikitini, makanisani na vijiweni kwamba hakuna awezaye kuijua kura yako yana faida kuliko operesheni yoyote ya kuwanasa watoaji.

Kura bandia masandukuni

Hii ndiyo sura ambayo wengi huifikiria wakisikia neno wizi wa kura. Inahitaji msimamizi wa kituo, makarani, askari na mawakala wa kituo kimoja wakubaliane au watishwe, na kisha irudiwe kituo baada ya kituo. Kwa hiyo hustawi pale ambapo chama kimoja kina ngome isiyo na mpinzani, kwa sababu hapo hakuna wa kupinga. Ripoti ya Kriegler iliona kwamba mwaka 2007 ushiriki wa juu mno katika ngome za pande zote mbili ulikuwa dalili ya kura kujazwa, na naona jambo hilo linastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba wizi ni tabia ya upande mmoja.

Ulinzi wa kituoni ni mwepisi kueleza na mgumu kutimiza. Wakala afike kabla ya kufunguliwa, alitazame sanduku likiwa tupu, aandike namba za lakiri na idadi ya karatasi zilizopokewa. Jioni, kura zilizopigwa, zilizoharibika na zisizotumika zikijumlishwa zirudi kwenye idadi ileile. Asiyeondoka kituoni kutwa nzima hawezi kushindwa na kura bandia. Lakini mahakamani ushahidi huu huyeyuka kwa urahisi. Mahakama ya Juu ya Uganda, katika mashauri ya mgombea wa upinzani Kizza Besigye ya kupinga uchaguzi wa rais, 2001 na 2006, ilikubali kwamba sheria ilivunjwa, ila majaji wengi, 3 kwa 2 mara ya kwanza na 4 kwa 3 mara ya pili, walisema haikuthibitika kwamba ukiukaji huo uliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Maovu mia moja yaliyotawanyika katika vituo mia moja hayalingani, mbele ya jaji, na tarakimu moja iliyobadilishwa kwenye fomu moja.

Majumuisho

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wakae zaidi, kwa sababu hapa watu wachache kabisa wanaweza kugeuza kura nyingi kabisa. Kituoni kuna mamia ya mashahidi. Kwenye chumba cha kujumlisha kuna maofisa wachache, kompyuta na milango yenye walinzi. Kubadilisha 3 iwe 8 hakuhitaji sanduku, wino wala karatasi za ziada.

Wakenya wanaukumbuka uteuzi wa wagombea wa KANU, chama pekee cha wakati huo, wa 1988, wapiga kura walipopanga foleni nyuma ya wagombea wao. Katika sehemu mbalimbali kila mtu aliuona mlolongo mrefu kwa macho yake, kisha akasikia mwenye mlolongo mfupi akitangazwa mshindi, na kwa kuwa hapakuwa na karatasi yoyote, hapakuwa na kitu cha kupeleka mahakamani. Mwaka 2007 karatasi zilikuwepo, lakini ujumlishaji ulivurugika kiasi kwamba tume ya Kriegler ilisema haiwezekani kujua mshindi halisi alikuwa nani. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa katika ghasia zilizofuata.

Funzo la Kenya lilikuwa kukihamishia kituo nguvu ya mwisho. Mwezi Juni 2017, Mahakama ya Rufani katika shauri la Maina Kiai iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa mashinani ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa Nairobi. Agosti mwaka huohuo, tume ya uchaguzi ilipomtangaza mshindi kabla ya kupokea Fomu 34A zote, ambazo ni fomu za matokeo ya kila kituo, na baadhi ya fomu zikaonekana hazina alama za usalama, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba kwa kura 4 kwa 2. Mwaka 2022 tume iliweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti ya wazi, hata mtu wa kijijini mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe; na ingawa makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo, mahakama ililinganisha fomu za tovuti na fomu halisi ikakuta hazitofautiani kwa namna yenye uzito. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya hukumu hiyo, lakini hoja zilijadiliwa juu ya karatasi ambazo kila mmoja aliziona.

Tuutazame sasa upande wa Congo. Mwaka 2018 Baraza la Maaskofu Katoliki, CENCO, lilisambaza waangalizi wapatao 40,000, idadi ambayo chama chochote kingeionea wivu. Tume ya uchaguzi ilipomtangaza Félix Tshisekedi mbele ya Martin Fayulu, maaskofu walisema wazi kwamba matokeo hayo hayalingani na takwimu zao. Hata hivyo matokeo ya kila kituo hayakuchapishwa na tume, na Mahakama ya Katiba ililitupa shauri la Fayulu. Waangalizi walikuwa wengi na takwimu zao zilikuwepo, lakini hapakuwa na fomu za hadharani ambazo kila raia angeweza kuzilinganisha.

Malawi ilionyesha kinyume chake. Fomu za majumuisho za Mei 2019 zilikuwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe wa Tipp-Ex, na kwa sababu zilihifadhiwa, Mahakama ya Katiba ilibatilisha uchaguzi huo tarehe 3 Februari 2020. Peter Mutharika, aliyekuwa ametangazwa mshindi, alishindwa na Lazarus Chakwera katika marudio ya Juni.

Kwa vipimo vyangu vinne, basi, ukiacha kuengua wagombea, majumuisho ni hatari kuliko yote kwa wingi wa kura na kwa uchache wa wahusika, ila pia ndiyo yanayoacha ushahidi mzuri kuliko yote, ikiwa mtu ameikamata fomu ya kituo kabla haijasafiri. Gharama yake ni wakala mmoja, simu moja na picha moja iliyo safi, inayoonyesha saini na mhuri, iliyotumwa usiku uleule. Hata asiye na wakala kila mahali anaweza kutumia sampuli ya vituo iliyochaguliwa kitakwimu, kama kikundi cha waangalizi cha ELOG kilivyofanya Kenya, na makisio yao ya 2022 yaliendana na matokeo yaliyotangazwa. Sampuli lakini haiwezi kuamua kama mgombea amevuka asilimia 50 kwa nusu asilimia. Kwa pengo dogo kiasi hicho, hakuna mbadala wa fomu zote.

Ipo njia moja inayoshinda hata fomu zote, nayo ni kuufuta uchaguzi. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alifuta matokeo kwa madai ya kasoro, wakati matokeo ya majimbo kadhaa yalikuwa yamekwisha kutangazwa na baadhi ya washindi wamepewa hati zao; lakini kura za uchaguzi wa Muungano wa Tanzania zilizopigwa siku ileile, katika vituo vilevile, zilikubaliwa. Marudio ya Machi 2016 yalisusiwa na CUF, chama kikuu cha upinzani visiwani wakati huo. Wakala hana dawa ya jambo hili.

Kupanga nguvu zako

Ukiwa na miezi sita au zaidi mbele yako, anza na daftari na fomu za uteuzi, hata kama hujampata wakala hata mmoja. Ukiwa na wiki chache tu, iache rushwa kwa wahubiri na wazee, uwafunze mawakala mambo mawili pekee: ulinganifu wa hesabu ya karatasi na picha ya fomu ya matokeo. Katika ngome yako mwenyewe usipeleke wakala hodari. Mpeleke kwenye ngome ya mpinzani, ambako kura bandia hazina wa kuzipinga.

Mpango pia ufuate njia ya sheria iliyopo. Kenya, mlalamikaji ana siku 7 za kufungua shauri la urais na mahakama ina siku 14 za kuamua, kwa hiyo fomu zipangwe kwa kaunti na jimbo tangu usiku wa kwanza. Tanzania, ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais aliyetangazwa, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Mashauri ya ubunge yanaruhusiwa, hivyo fomu za ubunge ndizo zenye thamani ya kisheria. Hifadhi nakala katika zaidi ya mahali pamoja na usitegemee intaneti peke yake. Mwaka 2015 polisi waliingia katika kituo cha waangalizi wa kiraia jijini Dar es Salaam wakachukua vifaa vyao, na siku ya kura ya Oktoba 2025 mtandao ulizimwa.

Mwisho, posho ya wakala, nauli yake na chakula chake cha siku nzima vilipwe kabla ya siku ya kura, mkononi mwake, na mtu anayemfahamu. Wakala mwenye njaa aliyeahidiwa kulipwa baadaye ndiye anayeondoka saa kumi na mbili jioni, kabla fomu haijajazwa, au anayesaini karatasi tupu kwa shilingi chache anazopewa na upande wa pili.